Mume anasema mahakama ya Dallas imeshatuachanisha. Nitahakikishaje?

SWALI: Mimi ni Mtanzania, naishi Houston, kaunti ya Harris, jimbo la Texas, Marekani, huu ni mwaka wa nne. Tulifunga ndoa bomani Mwanza mwaka 2013, tuna watoto wawili na wote ninao mimi. Mume wangu alihamia Dallas mwaka jana. Mwezi uliopita alinipigia simu akasema mahakama ya huko imeshatuachanisha, nisimsumbue tena. Sijaitwa popote wala sijaona karatasi yoyote. Nitajuaje kama ni kweli? Na kama si kweli, naweza kudai talaka hapa hapa au lazima nirudi nyumbani tulikofungia ndoa?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Anza na kumbukumbu za mahakama kabla ya jambo lingine lolote, maana kila hatua utakayochukua inategemea kama kesi ipo au haipo. Simu ya mumeo haivunji ndoa. Texas, ndoa iwe ya bomani, ya kanisani au ya msikitini, haivunjwi kisheria ila kwa hukumu iliyosainiwa na jaji. Kama hukumu hiyo ipo, ina namba na tarehe, na imetunzwa kwenye kaunti ilikotolewa.

Wengi huanzia Austin, kwenye idara ya jimbo inayotunza takwimu za vizazi, ndoa na vifo. Idara hiyo ina orodha ya talaka tangu mwaka 1968, na kwa dola 20 itakuandikia barua kwamba talaka ya majina fulani iliripotiwa kwao. Barua hiyo si hukumu. Haitakuambia watoto wamepewa nani, mali imegawanywaje, wala wewe uliitwaje mahakamani. Hukumu yenyewe iko kwa karani wa mahakama za wilaya katika kaunti husika, anayeitwa District Clerk. Usimchanganye na County Clerk, ambaye dirisha lake ni la leseni za ndoa na hati za ardhi. Watu hupanga foleni huko asubuhi nzima bure.

Kwa hiyo tafuta kwanza kaunti ya Dallas, kwenye sehemu ya kutafuta kesi katika tovuti ya karani huyo, au nenda mwenyewe. Usiishie hapo. Mtu akisema yuko Dallas huenda anakaa Plano, ambako sehemu kubwa iko kaunti ya Collin, au Arlington, kaunti ya Tarrant, na kesi hufunguliwa kwa kaunti anayoishi mtu, si kwa mji anaoutaja. Tafuta na Harris pia, kwa sababu huenda aliifungua kabla hajahama.

Majina yetu ndiyo yanayoficha kesi nyingi. Mfumo wa mahakama unatafuta kwa jina la ukoo, nasi wengi tunabeba jina la baba na la babu, na pasipoti na kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani) haviyapangi sawasawa. Tuseme mtu anaitwa Hamisi Juma Mrisho: kwenye kesi anaweza kuwa chini ya Mrisho au chini ya Juma, na Hamisi huyo huyo akaandikwa Khamis. Jaribu kila namna, kisha tafuta kwa jina lako mwenyewe, la ndoa na la kuzaliwa, kwa kuwa nawe ni mhusika wa kesi hiyo. Ukikosa kote, mwombe karani afanye msako na akupe matokeo kwa maandishi.

Ukiikuta kesi, angalia ilifunguliwa lini, kama imekwisha au bado inasubiri, na karatasi inayoeleza wito ulikufikiaje. Tarehe peke yake inaweza kumaliza ubishi: Texas jaji haruhusiwi kuvunja ndoa kabla ya siku 60 kupita tangu kesi ifunguliwe, isipokuwa katika baadhi ya kesi zenye ukatili wa nyumbani. Kama ilifunguliwa wiki tatu tu kabla ya simu ile, hukumu haikuwa imetoka.

Ikiwa bado inasubiri, peleka jibu lako mahakamani mara moja. Aliyepokea wito hupewa hadi saa nne asubuhi ya Jumatatu inayofuata baada ya siku 20 kupita, na asiyejibu anaweza kuhukumiwa akiwa hayupo. Ikiwa hukumu imeshatoka bila wewe kuitwa, tafuta wakili siku hiyo hiyo. Kwa kawaida ombi la kusikilizwa upya hupelekwa ndani ya siku 30 tangu hukumu isainiwe. Ipo rufaa ya pekee kwa asiyeshiriki kesi, ambayo ina miezi sita, na aliyeitwa kwa tangazo tu anaweza kuomba kesi isikilizwe upya ndani ya miaka miwili. Muda huu hausubiri maridhiano ya wazee wala vikao vya familia, na hili nalisisitiza kwa sababu nimeona kina mama wakiupoteza kwa kungoja shemeji apige simu.

Ikiwa hakuna kesi popote, huna haja ya kurudi Mwanza. Sheria ya Texas inataka mmoja wenu awe na makazi katika jimbo hili kwa miezi sita na katika kaunti ya kufungulia kwa siku 90. Wewe umetimiza yote mawili Harris. Ndoa iliyofungwa Tanzania huvunjwa hapa kama ndoa nyingine, na sababu ya kutosha ni kwamba hamwezi tena kuishi pamoja wala kupatana. Huhitaji kuthibitisha kosa lake. Sheria hiyo inauliza makazi, haiulizi uraia. Ila kama kadi yako ya kijani ni ile ya miaka miwili iliyotokana na ndoa hii, ongea na wakili wa uhamiaji kabla hujasaini chochote.

Ada ya kufungua ni kama dola 350. Asiye na uwezo hujaza kiapo cha kutomudu gharama, na fomu yake ni bure kwenye tovuti ya TexasLawHelp, pamoja na fomu za talaka zenyewe. Shirika la msaada wa kisheria la Lone Star Legal Aid husaidia wenye kipato kidogo Houston. Kwa kuwa mna watoto, malezi na matunzo huamuliwa ndani ya kesi hiyo hiyo. Kiwango cha kawaida kwa watoto wawili ni asilimia 25 ya kipato halisi cha mzazi anayelipa. Mume lazima afikishiwe wito na afisa au mtu aliyeidhinishwa, au asaini mbele ya notari kwamba ameupokea kwa hiari, na asaini baada ya kesi kufunguliwa. Ujumbe wako wa WhatsApp kwa mume si wito, hata akiujibu. Omba mkalimani wa Kiswahili mapema, na tafadhali usimtumie mwanao kutafsiri kesi ya wazazi wake.

Kiwanja au nyumba iliyoko Mwanza itaje kwenye madai. Jaji wa Texas hawezi kubadilisha hati ya ardhi ya Tanzania, lakini anaweza kuihesabu thamani yake katika mgawanyo na kumwamuru mumeo atekeleze.

Hukumu ikisainiwa, agiza kwa karani nakala kadhaa zenye muhuri, wao wanaziita certified copy. Fotokopi ya kawaida haitapokelewa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaruhusu hukumu ya nje kutambuliwa pale mmoja wenu alipokuwa na makazi ya kudumu huko, au aliishi huko miaka miwili mfululizo kabla ya kesi, kwa hiyo tunza mikataba ya pango na fomu za kodi za miaka hiyo pamoja na nakala zako. Ukipata mchumba, hapa Texas huruhusiwi kuolewa na mtu mwingine hadi siku ya 31 baada ya hukumu.