Nyufa kwenye ukuta wa zege: pima kwanza, rangi baadaye

Kaka, nimekuelewa. Leseni ya miaka 40 inaelekea ukingoni, kinu chenu cha nyuklia kinaomba 20 zaidi, nawe mgeni kazini umeona ukuta wa chini ya ardhi umejaa nyufa kama utando wa buibui. Msimamizi anasema ni kawaida, upigwe rangi.

Huenda. Lakini kule Seabrook, kinu cha nyuklia cha New Hampshire, Marekani, nyufa za namna hiyo zilitokana na alkali ya saruji kushambulia silika ya kokoto penye unyevu. Leseni mpya walipata 2019, ila kupima zege hakukuisha.

Mimi huchora kistari kwenye kila ncha ya ufa, tarehe pembeni, kisha picha yenye rula. Rudia msimu uleule, maana baridi na joto huchezea upana. Ufa uliotulia chini ya milimita 0.4 haunitishi. Unaokua, au unaotoa ute mweupe, mwite mhandisi wa miundo. Sampuli ikaangaliwe kwa hadubini. Usitoboe mwenyewe, utakata nondo.

Na uandike leo kwenye mfumo wa kasoro wa kituo. Msimamizi akigoma, wakaguzi wa NRC, tume ya Marekani inayosimamia vinu vya nyuklia, wana ofisi humohumo kituoni.