Usikope ada ya kozi ya uongozi kabla hujashika zamu

Dada wa Moshi, nimekuelewa: umefanywa msimamizi wa kituo cha watoto wenye usonji na mtindio wa ubongo, wahudumu wamekuzidi umri, na unafikiria kukopa ada ya kozi ya uongozi. Mimi nisingekopa kwanza.

Nilipoanza kusimamia hapa Arusha nilikuja na cheti changu. Mama mmoja mhudumu akaniuliza, "Mwalimu, na huyu anayejing'ata mkono kila saa ya uji?" Nikakosa jibu. Tangu hapo kila Jumatatu nililisha watoto pamoja na wahudumu, kisha dakika 20 chini ya mwembe, kila mtu anataja mtoto aliyemshinda wiki hiyo. Heshima niliipatia pale.

Ukitaka kusoma, ulizia Chuo cha Ualimu Patandi, Tengeru. Wanafundisha elimu maalumu. Kozi nyingine yoyote, uliza kama ina mazoezi kazini (semina za hotelini nazijua, posho na chai). Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 isome mwenyewe.

Degedege au kupaliwa mara kwa mara si mambo ya kikao, ni ya daktari. Na mhudumu akimpiga mtoto, usiyamalize kifamilia; nenda ustawi wa jamii siku hiyohiyo.