Kumaliza kila mtaa wa mji kwa mbio: maswali ya wasomaji na majibu

Kukimbia kila mtaa wa mji, mmoja baada ya mwingine mpaka ramani yote ijae rangi, ni kazi ya mapafu na ya kalamu pia. Maswali yafuatayo yametoka kwa wasomaji waliokwisha kuanza, na wengine wanaosita kuanza.

Niko Mombasa. Nianzie wapi? Mji ni mkubwa, nachoka hata kuutazama kwenye ramani.

Anza na mpaka, viatu baadaye. Wewe una bahati: kisiwa cha Mombasa kina kama kilomita za mraba 14, na maji yamekuchorea mpaka tayari. Likoni, Nyali na Changamwe ziache ziwe kazi nyingine. Mkazi wa Dar es Salaam hana bahati hiyo, kwa kuwa mkoa wake una zaidi ya kilomita za mraba 1,300. Yeye achague kata moja, aimalize, ndipo ahamie ya jirani.

Baada ya mpaka, andika kanuni zako kabla hujapiga hatua. Barabara za umma zote zimo? Vichochoro ambavyo bodaboda haipiti vimo? Barabara za ndani ya hospitali na vyuo je? Ushauri wetu ni kwamba mtaa uhesabiwe pale tu ulipoukimbia kuanzia mwanzo wake hadi mwisho, na vichochoro viwe na orodha yao. Asiyeandika kanuni mapema huzibadilisha kila anapochoka, kisha hajui tena amefikia wapi.

Makadirio hufanywa hivi. Chukua jumla ya urefu wa mitaa ya eneo lako, kisha, kwa ajili ya vipande utakavyolazimika kurudia, zidisha kwa 1.2 kama mitaa imenyooka na kukatana vizuri, au kwa 1.5 kama ni ya kujipindapinda na yenye ncha nyingi zisizopenya. Eneo la kilomita 60 za mitaa ya kujipindapinda litakula kama kilomita 90 za mbio. Ukikimbia mara 3 kwa wiki, kilomita 6 kila mara, ni wiki 5. Mwaka 2018 Rickey Gates alimaliza kila mtaa wa San Francisco, Marekani, kwa siku 46, zaidi ya kilomita 2,000. Huyo ni mkimbiaji wa kulipwa, na hakuwa na kazi nyingine siku hizo. Usipange ratiba yako kwa kumtazama yeye.

Ninaishi Ngamiani, Tanga. Kila nikitoka najikuta nimerudia mitaa ile ile. Kuna njia ya kupita yote bila kurudia?

Mara nyingi haipo, na sababu yake inajulikana tangu mwaka 1736, mwanahisabati Leonhard Euler alipolishughulikia swali la madaraja 7 ya mji wa Königsberg: je, yanaweza kuvukwa yote, kila moja mara moja tu? Kinachoamua ni njia panda. Hesabu barabara zinazokutana kwenye kila njia panda. Zikiwa shufwa, yaani 2 au 4, kila unapoingia utapata pa kutokea pasipokanyagwa. Zikiwa witiri, yaani 1, 3 au 5, ipo siku utaingia ukose pa kutokea. Eneo lenye zaidi ya njia panda mbili za witiri halimaliziki bila kurudia sehemu fulani.

Ngamiani mitaa imepangwa kwa namba na inakatana kwa pembe mraba, kwa hiyo hesabu ni nyepesi. Tuseme umechukua kipande chenye mitaa 6 inayolala na 5 inayosimama, kila kitalu, yaani kipande cha mtaa kati ya njia panda mbili, kikiwa mita 100. Inayolala ina vitalu 24, inayosimama 25, jumla kilomita 4.9. Pembezoni mwa kipande kuna njia panda 14 za barabara tatu tatu. Ukizipatanisha mbili mbili kwa uangalifu, na kurudia vitalu vilivyo kati ya kila jozi, itabidi urudie vitalu 9 ndipo ufunge mzunguko ulipoanzia. Hiyo ni kilomita 5.8.

Sasa jaribu zigizaga ya kawaida: kimbia mtaa wa kwanza unaolala hadi mwisho, panda kitalu kimoja, rudi kwa wa pili, na kuendelea hadi wa sita, kisha fanya vivyo hivyo kwa inayosimama. Utapata kilomita 5.8 zile zile, ila utaishia pembe nyingine, mita 400 kutoka ulipoanzia. Ndiyo maana kwa mitaa ya mraba tunapendelea zigizaga. Inakaa kichwani, na huhitaji kusimama kila kona kutazama simu.

Mahali pasipo na mraba, kanuni moja inaokoa kuliko zote: ukipita mdomo wa mtaa usiopenya, ingia hapo hapo, fika mwisho, geuka, toka. Mtaa wa namna hiyo lazima urudiwe, hakuna hesabu itakayokuepusha. Kosa ni kuuacha kwa ajili ya siku nyingine. Kipande cha mita 40 kilichorukwa kitakudai safari nzima, na vipande kama hivyo vikifika ishirini, vimetawanyika kila upande, watu wengi ndipo wanapoacha.

Jambo jingine, anza na pembe za mbali na nyumbani wakati hamu bado ni kali. Mitaa ya karibu utaikanyaga tu ukienda na kurudi, na itakayobaki itakufaa siku za haraka.

Programu inasema nimemaliza asilimia 100 ya eneo letu hapa Manzese, lakini najua kuna njia nyingi sijawahi kuzipita. Imekuwaje?

Programu haioni mitaa, inaona ramani. CityStrides na Wandrer, zinazotumiwa sana kwa kazi hii, zote mbili huchota ramani ya OpenStreetMap, ambayo huchorwa na watu wa kujitolea. Zinatofautiana katika kuhesabu. CityStrides hutumia mitaa yenye majina tu. Kila mtaa una nukta zake, nawe ukipita karibu na nukta, inahesabiwa. Ukifikisha asilimia 90 ya nukta za mtaa, mtaa umekwisha, ila kuna mpangilio mgumu zaidi, uitwao Hard Mode, unaodai nukta zote. Wandrer hupima urefu wa njia ulizopita, iwe na jina au haina.

Hapo jibu lako limepatikana. Uswahilini njia nyingi zimechorwa lakini hazijaandikwa majina, kwa hiyo CityStrides haizijui kabisa. Kasoro nyingine ni mtaa mfupi ulionyooka, ambao huweza kuwa na nukta mbili tu, moja kila mwisho. Ukikatiza njia panda zote mbili ukiwa kwenye mitaa mingine, utapewa mtaa ambao hukuukimbia. Usiuchukue. Rudi uukimbie.

Kwa miji yetu tunashauri Wandrer iwe kipimo kikuu. Lakini kizuri zaidi ni kuijaza ramani yenyewe. Dar es Salaam imechorwa kwa kina kuliko miji mingi kwa sababu mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwapeleka wanafunzi na wakazi kata kwa kata. Kisha mwaka 2022 Tanzania ilifanya operesheni ya anwani za makazi, na nguzo za majina zikasimikwa kwenye mitaa ambayo haikuwahi kuwa na kibao. Mkimbiaji anayepita kila mtaa ndiye mtu anayefaa kuhamisha majina hayo kutoka kwenye nguzo kwenda kwenye ramani.

Piga picha ya kibao mwanzoni mwa mtaa. Ukifika nyumbani, fungua StreetComplete, programu ya kujazia taarifa za OpenStreetMap, kwenye simu ya Android au mhariri wa OpenStreetMap kwenye kompyuta, andika jina kama lilivyo kwenye kibao, herufi kwa herufi, kisha hifadhi. Usinakili majina kutoka Google Maps, kwa sababu haki zake haziruhusu na kazi yako itafutwa. Usibuni jina la mtaa usio na kibao, hata kama majirani wanautaja kwa jina la duka lililopo kona. Na usishangae jina jipya lisipoonekana CityStrides siku hiyo hiyo, maana hunakili ramani kwa vipindi.

Mji Mkongwe, Unguja: saa yangu inachora mstari unaopita juu ya mapaa ya nyumba. Imeharibika?

Haijaharibika. Mahali pa wazi saa ya kawaida hukosea kwa mita 3 hadi 5. Kwenye vichochoro vya Kiponda au Hurumzi, ambako kuta za mawe zimepanda ghorofa mbili tatu na njia ni upana wa mikono miwili, mawimbi ya satelaiti hayafiki moja kwa moja. Yanagonga kuta kwanza, na saa inadhani yametoka mbali zaidi. Hapo kosa hupita mita 20 kwa urahisi, na kwa kuwa vichochoro vimekaribiana, mstari wako unaangukia kichochoro cha pili.

Washa saa mahali peupe, kwa mfano Forodhani, na baada ya kupata satelaiti subiri dakika moja au mbili zaidi. Iweke irekodi kila sekunde, na uzime ile hali ya kujisimamisha yenyewe, kwa kuwa mawimbi yakiyumba saa hudhani umesimama. Kama unanunua saa mpya, tafuta inayopokea masafa mawili ya satelaiti, yaitwayo L1 na L5. Inapunguza sana kosa hili ingawa hailimalizi. Ndani ya vichochoro nenda kwa mwendo wa kutembea: mstari utatulia kidogo, na wazee wa barazani watapata nafasi ya kukusalimia. Kisha weka kumbukumbu ya karatasi. CityStrides inaruhusu mtaa kutiwa alama kwa mkono, nayo ni halali kabisa kwa mtaa ulioupita kweli.

Mimi ni mwanamke, Kinondoni. Nikiingia mitaa nisiyoijua watu wananiuliza natafuta nini. Nifanyeje?

Dada, swali lao ni la haki, na jibu zuri hutangulia safari. Pita ofisi ya serikali ya mtaa mchana wa siku ya kazi, jieleze kwa mwenyekiti au mtendaji, onyesha ramani yako na sehemu ulizokwisha kupita. Muulize njia zipi si salama na saa gani. Atakuambia mambo ambayo hayapo kwenye ramani yoyote: daraja lililovunjika, kona ya vijana wanaovuta bangi, njia iliyofungwa na ukuta mpya. Mara nyingi mjumbe wa eneo atajitolea kukutajia majina ya mitaa pia.

Mitaa migeni ikimbie kuanzia saa 12 na nusu asubuhi, watu wakiwa wanafagia na kuelekea kazini, siyo alfajiri ya giza. Kwa mara ya kwanza nenda na mwenzako kutoka klabu ya jogingi. Mtumie mtu mmoja wa nyumbani mahali ulipo kwa simu, na usitangaze mbio mtandaoni kabla hujazimaliza. Ficha pia mwanzo na mwisho wa njia kwenye mipangilio ya faragha ili nyumba yako isijulikane. Salamu itangulie kila mahali, na kwa wakubwa iwe shikamoo, hata ukiwa unahema.

Mbwa?

Acha kukimbia, tembea, usimgeuzie mgongo, usimkazie macho. Kuinama kana kwamba unaokota jiwe huwafukuza wengi. Akikung'ata, hata mchubuko tu, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo upate chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili hautibiki.

Mtaa unaopakana na kambi ya jeshi nao nihesabu?

Barabara ya umma iliyo nje ya uzio, ndiyo, kama hakuna kibao cha katazo. Ya ndani iondoe kwenye orodha tangu siku ya kwanza. Karibu na kambi usipige picha, hata ya kibao cha mtaa. Tahadhari hiyo ina msingi: Januari 2018 ramani ya joto ya Strava, programu ya kurekodi mazoezi, yaani ramani inayong'arisha njia zinazopitwa sana na watumiaji wake, iligundulika kuwa ilikuwa ikionyesha mizunguko ya mazoezi ya askari ndani ya kambi za kijeshi katika nchi kadhaa. Askari wa lindo akikusimamisha, simama, mweleze, na ukubali kurudi.

Masika na joto la Dar vinanivunjia ratiba.

Panga ratiba kwa kufuata mwinuko wa ardhi. Mitaa ya mabondeni, kama ile ya pembezoni mwa Jangwani na bonde la Msimbazi, imalize kati ya Juni na Septemba. Machi hadi Mei baki kwenye lami na miinuko. Usikanyage maji yaliyotuama baada ya mafuriko, kwa kuwa mtaro usio na mfuniko hauonekani chini yake, na maji hayo hubeba taka za vyoo. Kati ya Desemba na Machi uwe umerudi nyumbani kabla ya saa 2 asubuhi, na pitisha njia zako karibu na maduka unapoweza kununua maji.

Goti la upande mmoja limeanza kuuma tangu nianze mradi huu.

Barabara huinuka katikati na kushuka pembeni ili maji yatiririke. Kenya na Tanzania magari hupita kushoto, nasi tunakimbia kulia ili tuyaone yakija, kwa hiyo mguu wa kulia hutua chini zaidi kila siku. Kwenye mitaa tulivu isiyo na magari kimbia katikati, au badilisha upande. Mwisho wa mtaa usiopenya usigeuke ghafla kwa kisigino. Punguza mwendo, piga duara dogo, na safari inayofuata geukia upande wa pili. Maumivu yakiendelea wiki mbili licha ya kupunguza kilomita, mwone daktari.

Sina saa ya GPS, na simu yangu ni ya vitufe. Inawezekana?

Inawezekana vizuri sana. Nenda kwenye duka la intaneti, chapisha ramani ya OpenStreetMap ya kata yako kwenye karatasi za A4, kila karatasi ibebe eneo la mita 800 kwa upana, uziunganishe kwa gundi ukutani. Kwa kila mbio nakili kona zako kwenye kikaratasi kwa mpangilio, "kulia msikitini, kushoto kisimani", usizidishe kona 25. Ukirudi, paka rangi kabla hujaoga, kwa sababu kumbukumbu ya vichochoro hupotea haraka. Tumia rangi mbili: moja kwa mtaa uliokwisha wote, nyingine kwa uliokwisha nusu. Mitaa isiyomo kwenye karatasi ichore mwenyewe kwa penseli, kisha mpe mwenye kompyuta aiingize kwenye ramani.