Kibali Hutaja Mwajiri: Kwa Wanaoanza Kuajiri Wageni Hotelini

Ninyi mnaoanza kazi katika idara za wafanyakazi za hoteli za Kisumu mtakutana mapema na suala lililonitoa jasho: mpishi wa kigeni. Miaka yangu ya mwanzo nilidhani kibali cha kazi ni kama leseni ya udereva, kwamba mtu akishakipata anaweza kupika popote. Mpishi wetu wa tandoori, raia wa India, alikuwa na kibali halali cha daraja la D, yaani la mgeni aliyeajiriwa. Desemba moja mkurugenzi aliamua kumhamishia mkahawa wake wa Nakuru, uliosajiliwa kwa jina la kampuni nyingine, nami nikatia sahihi barua. Afisa wa Uhamiaji alipofika hakumhoji mpishi hata kidogo. Alisoma jina la mwajiri kwenye kibali, akainua macho kutazama leseni ya biashara iliyotundikwa juu ya kaunta, kisha akarudia kusoma. Majina hayakulingana, na barua ilikuwa na sahihi yangu.

Kwa hiyo, kabla ya kumpa mtu aproni, linganisheni jina la mwajiri na kazi vilivyotajwa kwenye kibali na vile vilivyo kwenye mkataba. Katika maombi, mwajiri hutakiwa pia kumtaja Mkenya atakayefunzwa kazi hiyo, na asiwe jina la kujazia fomu tu, kwa sababu siku ya kuhuisha kibali mtaulizwa habari zake.

Majirani zetu wa Uganda na Tanzania huwachanganya wengi, hasa sisi tulio karibu na Busia. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inawaruhusu kufanya kazi huku, lakini haikuondoa kibali: mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 hupaswa kukiomba ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ufungwe. "Huyu ni ndugu yetu, huvuka kila wiki" si jibu, ingawa nimelisikia mara nyingi mno.

Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na inakataza ubaguzi kwa misingi ya uraia. Msimpunje mgeni kwa kuwa tu hana pa kukimbilia. Pasipoti ikishanakiliwa, arudishiwe papo hapo. Kuifungia kwenye kasha la mapokezi "kwa usalama wake" ni tabia ninayoichukia kuliko zote katika kazi hii.