Jama ya mfalme Akbar: kamba kulia au kushoto?

SWALI: Shikamoo fundi. Nashona nguo za igizo la shule, yupo mfalme Akbar wa India na mkuu mmoja wa Kirajput, zile koo za wapiganaji wa Kihindu. Kwenye picha za kale kuna joho limefungwa kulia na jingine kushoto, chini kuna lenye ncha ncha na lenye duara. Lipi sahihi? Na ni vazi la Wahindi au la Waajemi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Yote sahihi, inategemea nani kavaa. Vazi linaitwa jama, neno la Kiajemi, maana yake nguo tu, ndo hilo hilo lipo kwenye pajama (pa ni mguu). Kifuani linapishana halafu linafungwa kwa kamba chini ya kwapa. Waislamu walifunga kulia, Wahindu kushoto, kwahiyo Akbar mfunge kulia na huyo Mrajput kushoto, na ni kulia kwa mvaaji sio kwako unayemtazama, angalia sana hapo.

Sasa zile ncha. Abul Fazl, mwandishi wa Akbar, kaeleza kwenye Ain-i-Akbari kuhusu takauchiya, koti la Kihindi lisilo na bitana, zamani lilikuwa na mipasuo chini, ndo inayotoa hizo ncha, na kamba kushoto, Akbar akaagiza lishonwe duara na lifungwe kulia. Mimi hapo ndo napapenda mno! Mtu ukoo wake umetoka Asia ya Kati kwenye baridi na makoti mazito, katawala 1556 mpaka 1605, 1562 kaoa binti wa Kirajput wa ufalme wa Amber, halafu koti la wenyeji halikatazi, anabadilisha mkato tu analivaa. Kwahiyo ukiniuliza la nani nakwambia jina la Kiajemi, kitambaa cha India, mkato wa wote.

Akbar mpe duara, Mrajput mpe ncha, japo kwenye picha za enzi hizo hata watu wa ikulu wanazo ncha. Kitambaa tafuta melimeli, kwao bora ilitoka Dhaka, nyepesi mpaka pajama inaonekana kwa ndani. Bitana hapana, vifungo hapana, zipu ndo kabisa usiweke. Zari weka kwenye patka, ule mshipi wa kitambaa wa kiunoni.

Kata sehemu ya juu kwanza imbane kifuani, mpimishe muigizaji akiwa kainua mikono, ikikaa vizuri ndo uunge marinda kiunoni.