Dogwudi ina majani tu, maua hakuna? Anza kuangalia ilipopandwa

Mkuu uliyeuliza kwa nini dogwudi yako imejaa majani, ua hata moja hakuna, na kingo za majani zinageuka kahawia kila kiangazi kikikolea, ngoja nikujibu kwa urefu maana hii miti nimeilea miaka mingi na naipenda kuliko mti wowote wa mapambo.

Dogwudi hii, kwa jina la kitaalamu Cornus florida, kwao ni mashariki ya Marekani, na huko porini inaishi chini ya miti mikubwa, jua linaifikia likiwa limeshachujwa. Sasa ukiisimamisha katikati ya uwanja, jua linaipiga kutwa nzima na mizizi yake iko juujuu, hapo majani lazima yaungue. Katika yangu, unaofanya vizuri kuliko yote unapata jua la asubuhi, mchana nyumba inaukinga. Ila kivuli kizito nacho sio dawa, maua yanapungua na ubwiri unga (ukungu mweupe kama unga juu ya majani) haukuachi.

Tukija kwenye maua, chungulia matawi kiangazi kikiisha, maana vitumba vya mwaka ujao vinajitengeneza kipindi hicho. Cha ua ni kiduara kama kifungo cha shati, kimekaa kwenye ncha ya tawi juu ya kikonyo kifupi, wakati cha majani ni chembamba kimechongoka. Ukiona vyembamba vitupu basi mwaka ujao usitegemee kitu. Na ndio maana kupogoa wakati wa baridi ni hasara tupu, unakuwa unakata maua yaliyoshaandaliwa, subiri ichanue kwanza ndo ushike mkasi, tena utoe matawi makavu na yanayosuguana tu, umbo lake la kutanuka kwa ngazi liache lilivyo.

Kama vitumba havipo kabisa, jiulize kuhusu mbolea. Ile unayomwagia nyasi ili ziwe kijani ina naitrojeni nyingi na mizizi ya dogwudi inaila hiyo hiyo, matokeo yake majani kibao. Mimi siweki mbolea ya dukani, naweka mboji tu. Pia kama ulipanda mbegu vumilia, inaweza kupita miaka 5 hadi 7 kabla ya ua la kwanza, miche ya kubebeshwa (iliyounganishwa juu ya shina la mche mwingine) ndo inawahi.

Sasa kitu ambacho watu wengi wanakipuuza na kwangu ndio namba moja: shina. Gome lake ni jembamba, mashine ya kukata nyasi ikiligusa tu umeshamfungulia mlango bungua, mdudu mtoboa miti, funza wake anakula chini ya gome mpaka tawi zima linakauka na wewe unadhani ni kiu. Ng'oa nyasi zote kulizunguka shina, weka matandazo ya majani makavu au magome unene wa sentimita 5 hadi 10, lakini yasiguse shina, acha upenyo wa kiganja ili lisioze. Matandazo hayo hayo yanaweka mizizi kwenye ubaridi na unyevu, kwa hiyo na lile tatizo la kuungua linapungua sana. Maji mwagia chini, mengi kwa mara moja halafu uache, sio kunyunyiza kila jioni juu ya majani, maana majani yakilala na maji unakaribisha fangasi.

Udongo unaotakiwa ni wenye tindikali kidogo, pH 5.5 mpaka 6.5, usiotuamisha maji. Kwenye mfinyanzi panda juu kidogo ya usawa wa ardhi.

Na ukiona madoa yenye kingo za zambarau, matawi ya chini yanakufa kwanza, hapo ogopa chule, ugonjwa ulioangamiza dogwudi nyingi za porini Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Kata hayo matawi, okota majani yote yaliyoanguka, choma. Kama unapanda mpya tafuta Appalachian Spring, aina iliyopatikana kwenye mti uliosalia huko Maryland wakati wenzake wamekufa, au chukua dogwudi nyingine, Cornus kousa ya Asia Mashariki, inachanua baadaye kidogo majani yakiwa yameshatoka na inavumilia jua zaidi.

Mti wako kama bado mdogo uhamishe ukiwa umepukutisha majani, chimba kwa upana usikate mizizi hovyo. Kama umeshakuwa mkubwa usiuguse, anza na matandazo. Piga picha ya vitumba kwa karibu na ya shina pale chini uweke hapa tuone.