Baridi yabisi ya mwenzako haikutokana na baridi ya Makete

Jina lenyewe limeponza wengi. Huku Nyanda za Juu Kusini, mtu akivimba vidole mwezi wa sita anaambiwa avae sweta na asubiri jua la Septemba. Baridi hukaza viungo, ni kweli, lakini ugonjwa unatokana na kinga ya mwili kushambulia utando ulio ndani ya maungio. Sweta bila dawa ni kuacha vidole vipinde, na vikishapinda havinyooki.

Saa mbaya ni ile ya kuamka. Amka kabla yake, weka maji ya vuguvugu kwenye beseni (yapime kwa kiwiko), aloweke mikono dakika kumi huku akifumba na kufumbua vidole taratibu. Kiungo chenye moto na kilichovimba sana kiwekee kitambaa cha maji baridi badala yake. Usiingize jiko la mkaa chumbani, hata kama ni usiku wa Julai: hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua watu waliolala. Mfuko wa maji ya moto uliofungwa kwenye taulo unatosha.

Saa moja asubuhi hawezi kufunga kifungo, saa sita mchana anamenya viazi. Hapo ndipo mawifi huanza kusema ni mvivu, na wengine kwamba amerogwa. Maelezo ya ugonjwa yatoke kwako, si kwa mgonjwa: "Mama, asubuhi viungo vyake vinakaza, mchana vinalegea. Ugonjwa wenyewe ndivyo ulivyo." Ndoo ya lita 20 igawe kwenye madumu ya lita 5. Na kama mgonjwa ni mke, baba, mwiko ushike wewe; kusonga ugali wa watu sita ni mateso kwa kifundo cha mkono, na hakuna mwanaume aliyepungukiwa kitu kwa kusonga.

Sasa dawa, maana hapa ndipo watu hufa kwa kosa dogo. Methotreksati, dawa ya kutuliza hiyo kinga inayoshambulia viungo, humezwa MARA MOJA KWA WIKI. Daktari akiandika vidonge 6 vya miligramu 2.5, ni miligramu 15 za wiki nzima. Akivimeza kila siku, uboho unaacha kutengeneza damu: vidonda mdomoni, homa, michubuko isiyo na sababu. Asidi ya foliki, ambayo ni vitamini, hupunguza madhara yake na kwa kawaida humezwa siku nyingine. Tatizo ni kwamba vidonge vyote viwili mara nyingi ni vidogo na vya njano, na duka la dawa likivitia kwenye vibahasha hutavitofautisha. Omba viachwe kwenye pakiti zake, andika siku kwa kalamu nene. Jumamosi jioni inafaa, uchovu wake ukiangukia Jumapili. Nafuu huchukua wiki 6 hadi 12, na wengi hukata tamaa wiki ya nne.

Septrini haichanganywi na methotreksati. Kwa pamoja zinaweza kushusha damu vibaya sana. Ukienda kumnunulia dawa ya kifua au ya mkojo, taja anachotumia. Ulanzi na komoni viwekwe kando, ini lina kazi ya kutosha. Mnapotaka mtoto, mwambieni daktari miezi kadhaa mapema abadilishe dawa, kwa kuwa methotreksati huharibu mimba.

Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kushusha uvimbe, humezwa asubuhi baada ya chakula. Aliyeitumia wiki tatu au zaidi asiikatishe ghafla: mwili umeshaacha kutengeneza homoni yake, presha inaweza kuporomoka. Kwa hiyo kama mnakaa Ludewa au Makete na masika yanaharibu barabara, weka akiba ya wiki mbili. Homa ikifika nyuzi 38, hospitali siku hiyohiyo, na dozi ya methotreksati isubiri kauli ya daktari.

Vipimo vya damu, ini na figo huwa vya karibukaribu mwanzoni, baadaye kila miezi miwili mitatu, hata akijisikia mzima.

Siku ya kliniki, iwe Iringa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, beba daftari. "Anaendelea vizuri" haimsaidii daktari. Andika hivi: Jumatatu, amekakamaa dakika 90, vidole vinne vimevimba, ameshindwa kufungua chupa ya chai.